Siafu Miguuni mwa Swaumu

Kisa hiki hutakiamini. Nakwambia mapema ili usije ukanitolea macho tukifika katikati. Hata watu wa Chemchem waliokuwepo siku ile, waliokuwa na sahani mkononi na wakaona kwa macho yao, ukiwauliza leo watakwambia, "Aa, yule mzee anatia chumvi." Hapa haijatiwa hata punje. Chumvi yote iko kwenye sufuria la Swaumu, na Swaumu ndiye mwenye kisa.

Swaumu binti Mustafa ni mpishi wa shughuli. Ukiwa na harusi au hitima hapa Tabora mjini, kwanza unamwuliza Swaumu ana nafasi lini, ndipo unapanga tarehe. Anasimama mbele ya sufuria la kilo hamsini za mchele kama askari mbele ya lango, mwiko umemzidi urefu, na hakuna bibi wala bwana harusi atakayethubutu kumwuliza chakula kitaiva saa ngapi. Ana mjomba mmoja, Rashidi, mdogo wake mama yake, mtu wa maana sana, aliyesoma mpaka darasa la sita na angefika mbali kama la saba lisingekuwa na mitihani. Mjomba huyo ndiye anayeandika karatasi hizi, lakini humu ndani ataitwa Mjomba Rashidi kama mtu mwingine yeyote, kwa sababu mtu akisema "mimi, mimi" kila mstari huonekana ana majivuno.

Miaka mitatu iliyopita Swaumu alipatikana na saratani ya titi. Akafanyiwa upasuaji Mwanza, akatundikiwa dripu, akakatika nywele, zikaota, akarudi jikoni. Mwaka haukuisha, ugonjwa ukarudi, safari hii kwenye tezi za kwapa. Ikabidi aanze upya: basi la alfajiri, Nzega, Shinyanga, Mwanza, analala kwa ndugu, Alhamisi dripu, Ijumaa njiani kurudi. Alikwenda na kurudi mpaka makondakta wakawa wanamwamkia kwa jina. Na dawa ikafanya kazi. Uvimbe ukanywea. Daktari akafurahi, Najiat, binti yake wa pekee, akafurahi, Mjomba Rashidi akachinja jogoo.

Swaumu peke yake hakufurahi, kwa sababu siafu walikuwa wameshaanza.

Walianzia kwenye vidole vya miguu. Si siafu wa kweli, bali aliwasikia hasa, wanatembea chini ya ngozi, msafara mrefu, wanakwenda na kurudi. Akikaa wanazidi, akisimama wanapungua, akitembea wanatulia kidogo. Basi akawa mtu wa kutembea. Anatoka Chemchem anakwenda Gongoni kusalimia, anafika mlangoni, "Hodi, hamjambo, haya kwaherini," huyo, Ng'ambo. Kutoka Ng'ambo anarudi kupitia sokoni, anashika nyanya, anaziacha, anaondoka. Waendesha bodaboda wakachoka kumwita. Nyumbani anaanza kufua, anaacha povu kwenye beseni, anachukua ufagio, anaacha ufagio katikati ya ua, anatoka tena. Siku moja alifika kwa shoga yake Koleta na kandambili moja. Ya pili ilikuwa imemvuka zamani barabarani, na mguu haukumwambia.

"Shoga, umekuja na mguu mmoja?" Koleta alimwuliza.

"Nina haraka," akajibu Swaumu, akageuka akaondoka, na hata kilichomleta hakukisema.

Koleta huyu ni Mkatoliki, amepika na Swaumu miaka ishirini, mmoja anakaanga vitunguu, mwingine anaosha mchele, na anajua Swaumu akikohoa anataka iliki au anataka bizari. Alimtazama mpaka akapinda kona. Hakusema kitu siku ile.

Mjomba Rashidi yeye alisema. Alimkamata Swaumu barazani akipita kwa mara ya nne.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa nikwambie ugonjwa wako."

"Sikai."

"Basi simama nikwambie. Babu yetu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe toka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo, akarudi na marobota ya nguo, akaenda tena Ujiji. Miguu ya namna ile haifi na mwenyewe, inarithiwa. Sasa imekushukia wewe, na inadai safari. Nenda kwa miguu mpaka Ujiji urudi, utapona."

"Mbona haikukushukia wewe, mjukuu wake wa kiume?"

"Mimi nilirithi akili."

Swaumu akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile, lakini alicheka huku anatembea.

Asilolisema ni hili. Siafu walikuwa wamepanda mpaka mikononi. Asubuhi hakuweza kufunga kifungo cha gauni, vidole vilikuwa kama vimevishwa soksi. Vikombe vilimponyoka. Punje ya mchele na jiwe dogo vyote vilikuwa kitu kimoja kwenye ncha za vidole. Kila Alhamisi daktari alimwuliza, "Mama, unapata ganzi yoyote? Miguuni? Mikononi?" Na kila Alhamisi Swaumu, Najiat akiwa amekaa pembeni yake, alijibu, "Hakuna."

Alikuwa na sababu. Pale Mwanza alizoea kukaa karibu na mama mmoja wa Bukoba, Advera, mwenye maneno mengi na kopo la senene. Advera alimwambia daktari ana ganzi, akapunguziwa dawa. Alhamisi mbili zikapita, ya tatu kiti cha Advera kikawa na mtu mwingine. Swaumu hakuuliza, alihesabu mwenyewe: ukisema ganzi wanakupunguzia dawa, wakikupunguzia unaondoka. Akamwomba Koleta amtolee misa mama wa watu, na yeye akafunga mdomo. Kwa hesabu yake ilibidi achague kati ya vidole na roho. Na bila vidole, Swaumu aliye jikoni ni nani? Kwa hiyo akaamua kuvificha vyote viwili, ganzi kwa daktari na vidole kwa wateja, na kuendelea kupika kana kwamba hakuna lililotokea.

Ikaja harusi ya Asmahani, nyumba ya tatu kutoka kwake. Sufuria nne za pilau uani, mafiga ya mawe, moshi mpaka barabarani. Swaumu alikuwa haishi kuzunguka: sufuria la kwanza, la pili, anafunua, anafunika, anarudi la kwanza. Wanawake wakasema kazi yake inampenda. Maji yalipokauka, kuni zikatolewa, ukafika wakati wa kupalia, yaani kuweka makaa ya moto juu ya mifuniko ili wali uive juu na chini. Sepeto lilikuwa mbali. Wapishi wa zamani wote wanajua kulisogeza kaa kwa ncha za vidole, chap, chap, kama mtu anayemfukuza kuku, na Swaumu alikuwa bingwa wao.

Siku ile hakulisogeza. Aliliokota. Akalishika kaa jekundu kama anavyoshika limau, akalitazama, akaliweka juu ya mfuniko. Akachukua la pili. Akachukua la tatu, akabaki nalo mkononi huku anamgombeza mtu aliyemwaga maji.

Ua mzima miiko ikasimama. Halafu vikapigwa vigelegele ambavyo bibi harusi mwenyewe hakuvipata.

"Mashallah! Mnaona? Mnaona?" Huyo ni Ummy, shangazi yake Asmahani, mwanamke wa kilemba kikubwa. "Mtu ameumwa miaka miwili, Mungu amemrudisha na karama! Moto haumli!"

"Lete na mwanangu amshike kichwa," akasema mwingine.

Na Swaumu, badala ya kukataa, alifanya nini? Akatabasamu. Kwa miezi minane watu walikuwa wakimtazama kwa huruma, wakimwuliza hali kwa sauti ya hospitali. Sasa wanamtazama kama zamani, na kuzidi. Akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akasoma Fatiha. Mtoto akapiga chafya, wakasema amepona.

Koleta ndiye pekee asiyepiga kigelegele. Yeye alisikia harufu. Mtu aliyekaa jikoni miaka ishirini anajua vitunguu vinavyoungua, na anajua kinachoungua ambacho si kitunguu. Akamvuta Swaumu nyuma ya tangi la maji, akamfunua kiganja. Vidole vitatu vilikuwa vimechubuka, vyeupe, vinatoa maji.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Ndicho ninachokuuliza, Swaumu. Kwa nini haiumi?"

"Koleta, wali utaungua."

"Wali! Wewe ndiye unayeungua!"

"Ukimwambia Najiat, mimi na wewe basi."

Koleta akamfunga kitambaa, akashika mwiko mwenyewe mpaka mwisho wa shughuli. Wiki nzima alinyamaza, na kunyamaza kwa Koleta ni kama mvua kukatika masika, kila mtu anatazama juu. Huko mtaani habari ya makaa ilikuwa inakua. Jumatatu yalikuwa makaa kumi, Jumatano Swaumu alikuwa ametembea juu yake. Nani aliikuza namna hiyo hatujui, na wanaomnyoshea kidole Mjomba Rashidi hawana ushahidi.

Sasa tunakuja kwa Mjomba Rashidi, aliyeokoa maisha ya mpwa wake, ingawa njia yenyewe wengine wameielewa vibaya. Safari ya Ujiji ilikuwa imekataliwa, akafikiria dawa nyingine. Alikuwa na chupa ya asali ya nyuki wadogo, asali ya mwitu ya kwetu, ambayo ukimpaka maiti anaomba maji. Akaenda nayo kwa Swaumu baada ya adhuhuri, akamkuta kwenye mkeka anachambua mchele, magoti yanacheza, hatulii.

"Nyosha miguu."

"Mjomba, una nini leo?"

"Siafu wako ni damu iliyolala. Asali inaamsha. Nyosha."

Akampaka mpaka kwenye vifundo, vizuri, kila kidole na katikati ya vidole. Akamwambia akae nusu saa bila kunyanyuka. Naye akakaa mlangoni kumlinda, akaanza kumsimulia jinsi alivyompiga mweleka polisi wa reli. Swaumu akawa anachambua, anacheka, anabisha. Kwa mara ya kwanza siku nyingi alikaa mahali pamoja kwa muda wa kuweza kuitwa kukaa.

Koleta akaingia na mchicha kapuni. Akafika kwenye mkeka, kapu likaanguka.

"Swaumu! Miguu yako!"

Swaumu akatazama chini. Miguu ilikuwa imevaa soksi nyeusi. Soksi zile zilikuwa zinatembea. Sisimizi wametoka chini ya ukuta, mstari umevuka mkeka mzima, wamejaa vidoleni, wamepanda kwenye vifundo, wanang'ata. Wengine walikuwa wameingia kwenye mipasuko ya visigino. Na yeye alikuwa anaitazama kama miguu ya mtu mwingine aliyelala jirani.

Wa uongo ndio aliowasikia mchana na usiku. Wa kweli hakumsikia hata mmoja.

Alimwaga mchele aliouchambua asubuhi nzima. Akajaribu kuruka, akaanguka. Koleta akaleta ndoo, akamwagia, akasugua kwa mikono, huku analia na kutukana, na matusi mengine yalikuwa ya Kinyamwezi ambayo Mjomba Rashidi anayafahamu vizuri sana, na yote yalikuwa yake.

Najiat akatoka ndani mbio. Akaona miguu ya mama yake imevimba, yenye vipele vyekundu mia. Akaona na vidole vyenye kitambaa, alivyoambiwa vimekatwa na kisu.

"Mama. Unasikia ninapokushika hapa?"

Swaumu akatazama mchele uliomwagika.

"Na hapa?"

"Najiat, mwanangu, niache."

"Kila Alhamisi nimekaa pembeni yako unasema hakuna. Kila Alhamisi!"

"Wakijua watanipunguzia dawa." Sauti ilimtoka ndogo, haikuwa ya mtu anayeamrisha sufuria nne. "Advera walimpunguzia. Mnataka nipone vidole mnizike navyo?"

Mjomba Rashidi mwenyewe, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu utoto, alikuwa anatazama chupa ya asali. Ni Koleta aliyesema, akiwa bado amepiga magoti kwenye maji na sisimizi.

"Mimi sijui dawa. Ninajua wewe ungekaa hapa wakule, na ungeendelea kuchambua mchele. Alhamisi tunakwenda wote. Utasema wewe au nitasema mimi, na mimi nikisema nitasema na habari ya karama."

Jumatano alfajiri walikuwa watatu kwenye kiti cha basi cha watu wawili. Swaumu hakutulia njia nzima. Nzega alishuka, akalizunguka basi mara mbili. Shinyanga akashuka tena, akanunua karanga, hakula. Alhamisi, pale Mwanza, daktari, binti wa miwani mwenye umri wa Najiat, aliuliza kama kawaida: "Mama, unapata ganzi yoyote?"

Swaumu akamtazama Najiat, akamtazama Koleta. Akafungua kitambaa cha vidole, akaweka mkono juu ya meza, kisha akapandisha na mguu kwenye kiti, kama anayeonyesha bidhaa.

"Hii hapa," akasema. "Miezi minane."

Daktari hakugombeza. Akachukua kipande cha pamba, akamwambia afumbe macho, aseme anapoguswa. Swaumu akafumba. Alisema "sasa" mara mbili. Aliguswa mara kumi na nne.

Akaelezwa. Dawa inayoua saratani inaigusa pia mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka kwenye ngozi hadi kichwani, na huanza na iliyo mirefu kuliko yote, ndiyo maana huanzia vidole vya miguu, halafu mikono. Si jini, si ugonjwa kuingia kwenye ubongo, si kurogwa.

"Kwa hiyo mnanipunguzia," akasema Swaumu.

"Nakubadilishia. Ipo nyingine ambayo haina ukali huo kwenye mishipa. Kinachonitisha ni kwamba ungekaa kimya miezi mingine minne, ningelazimika kusimamisha kila kitu, na pengine usingeweza kutembea kufika hapa."

"Vidole vitarudi?"

"Vingine, polepole. Vingine pengine havitarudi. Sitakudanganya."

Swaumu alitoka nje ya chumba akaenda mpaka mwisho wa korido, akarudi, akaenda tena. Koleta alitembea naye.

Dawa mpya ilikuwa ya Jumanne. Jumanne ya kwanza Swaumu akaingia kwenye chumba cha dripu, akasikia mtu anacheka kwa sauti anayoijua. Kwenye kiti cha dirishani, kopo mapajani, alikaa Advera.

"Swaumu! Na wewe wamekuhamisha? Njoo, senene wa leo wamekaangwa vizuri."

Swaumu alishika ukuta. "Advera, wewe si umekufa?"

"Nani kasema?"

"Mimi! Nimekutolea misa!"

Advera akacheka mpaka nesi akaja kutazama mpira wa dripu. "Ya Kanisa gani? Nisije nikawa nimelipiwa mara mbili. Mimi nilihamishiwa Jumanne, mwanamke, basi! Miguu yangu bado ina ganzi kama pamba, nanunua viatu vya kufunga kamba." Akamnyoshea kopo. Swaumu akachota, wakamponyoka nusu, akaokota mmoja mmoja sakafuni, analia, anakula.

Mwaka mmoja umepita. Uvimbe umelala. Siafu wa mikononi wamepungua, kidole gumba na cha shahada vya kulia vimerudi, kifungo cha gauni anakifunga, hata kama inamchukua dakika tatu na laana mbili. Miguu bado. Anavaa raba za Najiat, anaitazama kila anapozivaa na kuzivua kama alivyofundishwa, na hapana anayeruhusiwa kumkaribia na asali. Bado hatulii. Hata sasa, anaposomewa karatasi hizi, maana alisema hakuna neno litakalotoka nyumbani kwake bila kupita masikioni mwake, anatoka barazani anaingia ndani, anatoka tena, na Mjomba Rashidi inabidi apaze sauti.

Wali wenyewe je? Ummy na wenzake walipojua makaa yale hayakuwa karama, walimkimbia. Harusi mbili zikaenda kwa mpishi wa Gongoni. Swaumu akasema amestaafu, akampa Koleta mwiko, Koleta akaukataa, ukalala wiki tatu katikati ya ua, wanauruka wote wawili. Mpaka zikaja habari kutoka Ziba: mwenyeji mmoja anaoza binti, anamtaka Swaumu, na ameshasikia kila kitu. "Sihitaji vidole vyake," ndivyo alivyosema kwenye simu, "nahitaji pilau yake."

Wakaenda. Swaumu akaketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya sufuria, koleo refu la chuma mkononi, sepeto pembeni, Koleta kwenye mwiko. Akainama karibu na mfuniko, akasikiliza. Maji yakiwa mengi sufuria linasema hivi, yakikaribia kukauka linasema vile, na yeye kumbe alikuwa akilijua siku zote kwa sikio bila kujijua. "Toa kuni. Hilo la tatu, bado. Hilo la pili, palia." Wanawake wa Ziba wakamwamkia mwangaluka kwa kupiga magoti, mpishi aliyekaa kitini kama mtemi. Na wali ulipofunuliwa, punje moja moja, hakuna bokoboko, hakuna ukoko, watu wakatoka kila upande na sahani, wakatoka mashambani, wakaacha ng'ombe machungani, ukihesabu wa Ziba peke yake, bila wale waliotoka Igunga na Nzega kwa malori, walikuwa hawapungui watu elfu tatu na mia sita, na ng'ombe waliochinjwa walikuwa kumi na saba, na sufuria zilikuwa kubwa hivi kwamba Koleta ilibidi apande ngazi, na mkuu wa...

"Mjomba."

"Naam."

"Sufuria zilikuwa tatu. Watu hawakufika mia tatu. Na wewe hukuwepo, ulisema basi linakuumiza mgongo."